Aligonga Mara Mbili

Kutoka Songea mpaka Runzewe nilisafiri siku nne: basi, lori la mahindi, basi tena, na kipande cha mwisho kutoka Kahama juu ya magunia ya mkaa. Niliondoka kwa kuwa nilichoka kukaa mahali pamoja, basi. Machimboni nikapewa kazi ya hewa. Nilikaa kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la dhahabu, nikizungusha feni ya mkono iliyosukuma hewa chini kupitia bomba. Aliyeko chini aligonga bomba kwa jiwe. Mara moja: ongeza hewa. Mara mbili: acha, natoka.

Mwenzangu wa chini alikuwa Msukuma wa rika langu, aliyeniita ng'wanawane, mwanangu, ili kunikera tu.

"Mngoni, unazungusha au unakoroga uji?" alipaza sauti kutoka gizani.

Asubuhi moja moshi wa mashine ya kuvuta maji uliingia shimoni. Aligonga mara moja, tena mara moja, halafu kimya. Tulimvuta juu akikoroma, hajitambui, tukamkimbiza hospitali.

Daktari, mama mmoja mfupi, alisimama upande wa kichwa cha kitanda. Alimpa oksijeni kwanza, kisha akaagiza dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli.

"Sasa hatapumua mwenyewe," alisema.

Kifua kikatulia. Akaingiza mdomoni chuma chenye taa, akausogeza ulimi kushoto, akaunyanyua bila kuegemea meno. Nikaliona koo la mwenzangu likiwaka jekundu, kama duara lenye tochi ndani. Mrija ukateremka katikati ya nyuzi za sauti. Akajaza hewa kwenye kiputo kinachoziba pembeni mwa mrija, akasikiliza tumbo, kisha mapafu yote mawili, akaufunga mrija usichomoke.

Mashine ya kupumulia ilikuwa Shinyanga, na gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Muuguzi akanikabidhi mfuko wa mpira wa kusukuma hewa mrijani, ili yeye akaandae dawa.

"Kaka, bana mfuko, hesabu mpaka tano, bana tena. Usiache."

Kazi ileile. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa mkono wangu. Mpaka chuma cha kitanda kikagongwa mara mbili.

Nikaacha.

"Unamuua mwenzio!" Muuguzi alininyang'anya mfuko.

"Amegonga, dada. Anasema anatoka."

Akafunua shuka. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa kitandani kwa bendeji. "Na kwa dawa ile, hata kope hawezi kupepesa."

Akanirudishia mfuko. Nilibana mpaka gari likafika.

Baada ya siku sita nilimfuata Shinyanga. Mrija ulikuwa umetolewa, na mkewe alikuwa mlangoni akimshukuru kila aliyepita. Mwenzangu alinitazama bila utani. Sauti yake ilikwaruza.

"Ng'wanawane, niligonga mara mbili. Ukaacha, nikatoka. Nilikuwa nimeshafika juu, juani. Kwa nini ulirudisha hewa?"

Nilimwambia naenda kumnunulia maji. Nikatembea mpaka stendi, nikapanda basi la kwanza lililowasha injini. Shuka langu liko machimboni mpaka leo.