Mgongo wa Wifi

Wifi yangu hatembei bila kugeuka. Akienda hatua chache hutupa jicho juu ya bega la kushoto, kisha anaendelea. Hufanya hivyo sokoni, hufanya hivyo kwenye kumbi za harusi, hufanya hivyo hata akitoka jikoni na sufuria mkononi, wakati nyuma yake hakuna kitu ila jiko. Wanangu walipokuwa wadogo waliniuliza shangazi anaogopa nini. Haogopi kitu. Ni mkimbiaji wa mbio za milimani, zile za siku tano ambazo watu hukimbia wawili wawili, na humo anayetangulia lazima ajue mwenzake yuko wapi. Mwili wake ulijifunza jambo hilo mlimani, ukakataa kulisahau mjini.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mashine zinanguruma kutwa na sakafu haikauki. Mashuka yakishakaushwa hurundikwa kwenye meza ndefu, na kila shuka hukunjwa na watu wawili. Huyu anashika ncha zake mbili, yule zake. Wanavuta mpaka shuka linyooke, wanakunja, kisha mmoja anamfuata mwenzake hadi vidole vyao vigusane. Mmoja anapokea, mwingine anainama kushika mkunjo wa chini, wanaanza tena. Mkunjaji mzuri haangalii shuka. Anamwangalia usoni aliye upande wa pili, na mikono inajua yenyewe.

Uso ambao wifi aliuangalia kwa miaka mingi ulikuwa wa mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Pacha. Hawakuzaliwa tumbo moja wala hawafanani hata kidogo. Wifi ni mrefu, ana mabega ya mtu aliyezoea kubeba. Pacha ni mfupi, mkimya, na utani wake unakufikia ukiwa umeshafika mlangoni. Waliitwa mapacha kwa kuwa hawakuachana, kisha jina likamganda yule mdogo peke yake. Wifi hakulalamika. Aliona ni sawa tu, kwamba yule awe Pacha, na yeye awe mtu mwenye pacha.

Mbio zilianza kwa wifi kuona tangazo getini pa hospitali. Alijiandikisha, akamwandikisha na Pacha, ndipo akaenda kumwambia. Sheria kubwa ya mbio zile ni kwamba wawili hufika pamoja; ukifika kituoni peke yako, hujafika. Kwa hiyo mwenye nguvu anaruhusiwa kumvuta mwenzake kwenye miinuko kwa kamba inayonyumbuka, ncha moja kwenye mkanda wa huyu, nyingine kwenye mkanda wa yule. Mwaka wa kwanza wifi alifunga kamba na kutangulia. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi, na hakuna aliyekaa chini kuijadili.

Mimi mbio zangu ni za kuikimbia mvua tu. Lakini kila mwaka nilichukua likizo chuoni ninakofundisha, nikapanda gari la mizigo kwenda kuwangoja kambini. Nilikoroga uji, nikafua soksi, nikatoboa malengelenge kwa sindano iliyopitishwa motoni. Nyayo za wifi nazijua kuliko viganja vyangu. Jioni wale wawili walikaa bega kwa bega wakisimuliana siku nzima waliyokuwa pamoja, kama vile mmoja hakuwepo, nami nikawa napokea vikombe.

Siku mambo yalipoharibika, wifi alikuja kwangu bado amevaa aproni ya kazini. Alikaa, chai ikapoa mbele yake.

"Pacha amenichoka," akasema. "Amepata katoto."

Katoto alikuwa msichana aliyeajiriwa karibuni kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, anakosaidia wagonjwa kujifunza kutembea upya. Pacha alikuwa amemwambia wifi wakiwa wameshika shuka, katikati ya mkunjo wa kwanza na wa pili, kwamba mwaka huu angependa kukimbia na yule msichana. Wifi aliuliza kuna nini. Pacha akajibu hakuna kitu, anataka kujaribu tu. Shuka likakunjwa mpaka mwisho.

Kuanzia hapo wifi alikuwa mgonjwa asiye na daktari. Alipanda ghorofani na mashuka ambayo hayakuwa zamu yake kupeleka, ili apite mbele ya chumba cha mazoezi na kuchungulia. Akarudi kuniambia msichana ana meno mengi. Siku nyingine tatizo likawa viatu vyake, vya rangi ya machungwa, eti mtu mwenye kasi hahitaji kuonekana toka mbali. Pacha alipokuja kazini na kofia mpya, wifi hakulala akijiuliza nani kampa. Aliacha kula vizuri. Mumewe, fundi wa friji, alinivuta pembeni akanipa yake ya moyoni: yeye aliwahi kuhamishiwa kazi mji mwingine mwaka mzima, na mkewe hakuacha hata tonge. "Sasa najua cheo changu, shemeji," akasema, akicheka nusu.

Na bado kila siku ilibidi wasimame pande mbili za shuka moja. Wifi akawa anakunja huku ameliangalia shuka lenyewe, na kwa sababu hiyo mikunjo ikaenda upande. Wauguzi wakaanza kuuliza huko chini kuna mwanagenzi gani.

Angeweza kuziacha mbio mwaka ule. Nilimshauri hivyo. Hakutaka kusikia, alitaka Pacha aone alichotupa, arudi mwenyewe. Maneno yake yalikuwa hayo hayo, hakuyapamba. Akaenda kumchukua Kinyozi, jirani yetu mwenye saluni, mwendesha baiskeli hodari na msema sana. Kinyozi alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Alituambia yuko tayari, ameshanyoa hata nyusi ili upepo upite bila matata.

Siku mbili za kwanza wifi hakukimbia mbio, alimkimbiza mtu. Akifika kambini jambo la kwanza lilikuwa kusoma ubao kujua Pacha na yule msichana wamepita lini. Alisimamisha hema letu mahali ambapo mlango wake ulitazamana na mlango wa hema lao. Jioni ya pili alinituma nikaombe chumvi tuliyokuwa nayo tele.

Niliporudi akauliza wanakula nini.

"Viazi."

"Walikuwa wanacheka nini?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Wifi, mtu haombi chumvi na sababu ya kicheko."

Hakucheka. Alikuwa amekaa akitazama kule, mikono mapajani, na nikaona jinsi alivyokuwa amekonda shingo. Nilimvua soksi nikamwosha miguu. Hata hakuangalia chini kujua ni nani anayemwosha.

Siku ya tatu ndiyo yenye mlima mrefu kuliko yote, unaopandwa asubuhi nzima mpaka kwenye kipito kati ya vilele viwili, ambako kuna kituo. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Kinyozi, na ya kule juu kwa wifi mwenyewe. Chini ya mlima wifi aliona viatu vya rangi ya machungwa juu yao kwa mbali, akafunga kamba. Kinyozi anasema alijihisi kama mkokoteni. Alimwomba apunguze, akamwomba tena, kisha akatapika. Wifi aligeuka, akamwona ameinama, akamuuliza kama ataweza kuja polepole. Halafu akafanya jambo ambalo katika miaka yote hakuwahi kulifanya wala hakuna mkimbiaji wa wawili anayelifanya: akaifungua kamba kiunoni mwake, akamwacha pale na ncha yake inaning'inia, akapanda peke yake.

Aliwafikia karibu na kipito. Alikuwa amejiandaa, nadhani, kuona msichana mwenye nguvu akimburuta Pacha, kwa sababu tangu mwanzo aliamini ameachwa kwa ajili ya mtu mwenye kasi zaidi. Badala yake alimwona Pacha mbele. Yule mfupi, mwembamba, aliyevutwa miaka yote, alikuwa amejifunga kamba kiunoni, ameinama kwenye mwinuko, hatua ndogo ndogo zisizokatika, na nyuma yake msichana anakuja huku amefumba macho, ameachia mwili wote.

Kituoni msimamizi alimtazama wifi, akatazama njia nyuma yake iliyokuwa tupu, akauliza mwenzako yuko wapi. Kila mtu alisikia. Pacha alikuwa anakunywa maji. Akashusha chupa, akasema tu kwamba mlima ule una upepo mbaya, mtu asiachwe. Wifi akashuka njia yote aliyoipanda. Alimkuta Kinyozi amekaa juu ya jiwe akiwapigia makofi wanaopita. Wakapanda tena pamoja, safari hii bila kamba. Walifika kambini wakiwa wa mwisho, jua likiwa limeshapungua.

Nilikuwa nyuma ya turubai nikishughulika na malengelenge ya Kinyozi pale Pacha alipokuja kwenye hema letu na sufuria ya maji ya moto. Kinyozi, aliyekuwa akigumia kwa kila tundu la sindano, alinyamaza ili asikie vizuri.

Nikasikia sufuria ikitua chini. Kisha nikamsikia wifi.

"Ulinidanganya. Miaka yote hii nimekuvuta, kumbe unaweza."

"Hukuniuliza," Pacha akasema. "Ulikuwa unafunga kamba kabla sijavaa viatu."

"Ungesema."

"Ulikuwa unafurahi, dada. Nikaacha. Lakini miaka yote hiyo nimepanda milima na sijaona mlima. Nimeona mgongo wako."

"Mgongo wangu una nini?"

"Mpana. Unaziba."

Kinyozi aliziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani wifi naye angecheka, lakini sauti iliyofuata ilitoka chini sana, hata sikuitambua mara moja.

"Yule unamvuta."

"Anachoka."

"Na mimi nachoka."

Maji yalikuwa yakimiminwa kwenye beseni, yakakoma.

"Leo ndiyo kwanza nasikia," akasema.

Nimeyafikiria sana maneno hayo matatu ya wifi. Sote tulidhani wivu wake ni wa mtu aliyenyang'anywa nafasi ya mbele. Kumbe alipoona yule msichana amefumba macho kwenye mwinuko, kilichomkata maini ni ile ncha nyingine ya kamba, ambayo hakuwahi kujua anaitaka. Ameolewa, amezaa, amelea wadogo zake, mume wangu akiwa mmojawapo, na katika yote hayo alikuwa wa kutangulia. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Sisi pia tulikuwa nyuma ya mgongo ule, na tulistarehe.

Siku mbili zilizobaki walikimbia kila mtu na mwenziwe. Wifi na Kinyozi walibaki mkiani, na Kinyozi anasema ndizo siku alizopata nafasi ya kusimulia hadithi zake zote. Jumatatu yake wifi na Pacha walirudi kwenye meza ndefu. Sijui walisemezana nini juu ya mashuka, hilo sikusimuliwa. Najua tu kwamba wauguzi waliacha kulalamika, na kwamba siku moja wifi alipita nyumbani, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema ameombwa. Nilimuuliza ameombwa nini. "Mbio za mwaka ujao," akasema. "Ameniomba yeye. Ameuliza kwanza." Alikuwa na umri wa kuwa bibi wa mtu, na pale mlangoni alisimama kama msichana aliyechumbiwa.

Katoto hakununa. Alimchukua Kinyozi, na mtaani wanasema saluni hufungwa mapema siku hizi kwa sababu mwenye saluni yuko barabarani anaburutwa.

Niliwaona wifi na Pacha wakifanya mazoezi, mara moja, kwenye barabara ya kupanda nyuma ya shule. Nilikuwa natoka dukani na mfuko. Pacha alikuwa mbele. Wifi alikuja nyuma kwenye kamba, mikono imelegea, na usoni alikuwa kama abiria aliyelala kwenye basi akijua kuna mtu atamwamsha akifika. Nimekaa na mwanamke huyu jikoni, msibani na hospitalini. Nimemshika miguu yake mapajani mwangu mwaka baada ya mwaka. Sikuwahi kupewa uso ule. Nilisimama pembeni mwa barabara mpaka walipopotea kwenye kona. Hawakuniona, na sikuita.

Hata hivyo niliomba likizo kama kawaida. Nilinunua sindano mpya na pamba, nikapima unga wa uji kwenye vifuko, nikatafuta lile beseni la bati lisilovuja. Asubuhi ya kuondoka nilitoka getini na begi langu. Pacha alikuwa amesimama mbele kidogo na mizigo yao, akaniinulia mkono. Wako huko juu hivi sasa, simu hazishiki, na mume wangu ananiuliza mbona nimekaa tu na likizo yote hii.

Asubuhi ile, pale getini, wifi alikuja akaliangalia begi langu, akalichukua mkononi mwangu taratibu, akaliweka ndani ya geti. Akaniwekea mkono begani.

"Wifi, mwaka huu wewe pumzika nyumbani," akasema. "Miguu yangu ataiangalia Pacha, na mimi nitaangalia yake. Sisi wawili tunatosha."