Siku Tulipomnawisha Plantoni Wetu

Katika ofisi yetu ya reli hapa Kamina nimepanga sherehe nyingi kwa bahasha nyembamba, wala siogopi tena. Ila ile ya kumuaga plantoni wetu, mzee aliyebeba barua na kutuchemshia chai tangu kabla sijaajiriwa, ilininyima raha wiki nzima. Katika kila sherehe ni yeye aliyepanga viti, aliyefungua chupa, aliyepitisha jagi na beseni tunawe mikono kabla ya kula. Sikuwahi kumwona ameketi pamoja nasi. Nikaapa kwamba safari hii ataketi na kuhudumiwa, hata ikibidi nimfunge kwenye kiti.

Pesa alizotoa shefu, mkuu wetu wa ofisi, zilitosha vinywaji tu. Nikawatangazia wenzangu, kwa ule ukali wangu, kwamba kila mtu alete chakula kutoka nyumbani. Hodari kweli mimi! Sikumwambia yeyote alete nini. Saa sita mchana tukafunua sufuria moja baada ya nyingine: sombe, yaani kisamvu, sombe, sombe tena, na sahani moja ya samaki wakavu wa Mulongo. Bukari, ugali wetu wa kulia mboga hizo, hata tonge moja hakuna. Kumbe siku zote aliyeisonga ni plantoni, na hakuna aliyelikumbuka hilo, hata mimi niliyejifanya najua kila kitu.

Mzee alikuwa amekwisha inuka, anakunja mikono ya shati lake jipya.

"Papa, ikala!" nikamwambia.

"Mama, bantu beko na njaa. Minyi njo najua kusonga."

"Leo weye njo mugeni. Ikala!"

Nilimfokea, nikaona haya papo hapo. Akaketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri treni. Shefu akacheka, akavua tai, akaagiza unga sokoni na kusonga mwenyewe. Bukari ikatoka na madonge tele, nasi tukamshangilia kana kwamba amefunga goli. Sijawahi kufurahi vile kazini.

Nikachukua jagi na beseni, nikapiga goti mbele ya mzee. Mikono yake ikaja mbio, lakini ilikuja kunipokea jagi. Haikujua njia nyingine. Nikaling'ang'ania, naye akalivuta, tukavutana mbele ya watu mpaka wote wakavunjika mbavu. Mwishowe akaliachia, akafungua viganja juu ya beseni. Nikaanza kumimina. Machozi yakanitoka, sioni aibu kusema.

"Mama," akaninong'oneza, "mimina polepole. Bengine bangali nyuma, maji itaisha."

"Iishe, papa," nikamjibu, nikammiminia yote.