Sajini Halimah Kwenye Kituo cha Navjot

Halimah Nambozo alikuwa na miaka sitini na miwili, sajini mstaafu wa kitengo cha mawasiliano, na mtaa mzima wa Nkoma pale Mbale ulimwita afande. Jeshi lilimwachia vitu vitatu: Kiswahili, magoti mabovu na sikio. Alipostaafu alichukua leseni ya redio ya ridhaa, akavuta waya kutoka paa la nyumba hadi kwenye mti wa parachichi, akawa anazungumza na watu wa nchi za mbali ambao hangewaona maishani.

Wengi wao aliwadharau. Huyu alibwabwaja, yule alikuwa na pupa, mwingine alitaja alama yake ya wito, zile herufi na namba ambazo ndizo jina la kituo hewani, kama mtu anayetafuna mhogo. Lakini dharau kubwa kuliko zote alimwekea Navjot wa Jinja.

Familia ya Navjot ilikuwa na kiwanda cha misumari. Juu ya ghala lao alisimamisha mlingoti wa mita thelathini, na mashine yake ilitoa nguvu mara kumi ya redio ya Halimah. Kwa nguvu hizo alikuwa akiangukia masafa yoyote aliyoyapenda na kuanza kuita, bila kuuliza kama kuna mtu. Halimah alimfananisha na mgeni anayeingia bafuni bila kubisha hodi, kisha anamlaumu aliyemo kwa kuwa uchi.

Siku moja Navjot akampigia simu.

"Afande, wiki ijayo kuna shindano. Masaa ishirini na nne. Mimi natafuta watu wa zamu."

"Kwa nini mimi?"

"Watu wanasema wewe iko na masikio."

Alikubali. Kujiambia alijiambia kwamba anakwenda kumwona mjinga akiwa kwake. Ukweli ni kwamba alitamani sana, angalau mara moja, kuisikia dunia kupitia antena ile.

Shindano lenyewe si gumu kueleza. Unaita; mtu anakujibu; mnapeana alama za wito na namba ya mfululizo ya mawasiliano hayo, kila mmoja anaandika, mnaachana. Mwenye mawasiliano mengi na nchi nyingi ndiye mshindi. Baadaye waandaaji huzilinganisha orodha za wote, na jina ulilokosea kulisikia linakatwa.

Jumamosi saa tisa alasiri walianza. Chumba kilikuwa na kiyoyozi, skrini tatu na viti vya ngozi. Mtu wa tatu kwenye timu alikuwa Gaster, mwalimu wa fizikia wa makamo, mpole, aliyekuwa akimwangalia Navjot kabla ya kucheka. Navjot alikaa wa kwanza, akazungusha kitufe, akasimama mahali fulani na kuanza kuita.

Halimah alikuwa amevaa vipokea sauti vya pili. Chini kabisa ya kelele alimsikia mtu wa Malawi, sauti nyembamba kama uzi, akisema kwamba masafa yale yanatumika. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, kwa adabu ileile.

"Navjot, kuna mtu hapo."

"Mimi sikii mtu."

"Husikii kwa sababu unasema."

Navjot alicheka na kuendelea kuita. Baada ya dakika mbili yule wa Malawi hakusikika tena. Navjot aliongea karibu nusu saa bila kutaja alama yake, watu wakawa wanauliza ni nani huyu, naye akawapita kana kwamba swali lao ni uchafu. Alipopata nusu ya jina la mtu, hakuomba arudiwe. Alimgeukia Gaster: "Angalia kwa simu, uliza watu kwa WhatsApp ni nani huyo." Na Gaster akaangalia.

Halimah alizitazama skrini tatu, kisha vile viti. Akawaza kwamba amewahi kuona kuruta wa wiki ya pili akishika redio kwa heshima zaidi, tena kuruta mwenyewe alikuwa amelewa.

Zamu yake ilipofika alihama masafa. Aliuliza kama yanatumika. Akasubiri. Akauliza tena, akasubiri. Navjot alitazama saa yake.

Ndipo akaita mara moja, kwa kifupi, akitaja alama ya kituo wazi. Watu wakamjibu kwa wingi, Wajapani, Waitaliano, Wabrazili, sauti juu ya sauti. Hakupandisha yake. Alimchagua mmoja, na mwingine alipojaribu kudandia, alimwacha bila jibu hadi aliyeitwa amalize. Haikupita robo saa umati ule ukajipanga wenyewe. Akawa anawapokea wanne kwa dakika, kasi ambayo Navjot hakuwahi kuifikia. Na antena ile, Mungu amsamehe, ilikuwa tamu.

Kisha akapoteza dakika nzima kumtafuta mtu mmoja mwenye redio ndogo, akimwomba arudie herufi moja.

"Mwache huyo," Navjot alisema. "Ukichimba mmoja, wanne wanaondoka."

"Ameniita. Anajibiwa."

Kesho yake saa tisa shindano likaisha. Halimah alikuwa akichukua miwani yake aondoke alipomwona Navjot akiandika kwenye orodha majina kutoka kwenye simu: rafiki wa Nairobi, binamu wa Leicester, wengine na wengine, arobaini na moja kwa jumla, ambao hakuna mtu aliyewasikia. Alipomaliza alichapisha karatasi ya kiapo kwamba mawasiliano yote yamefanyika hewani, akamsogezea kalamu.

"Sitii sahihi."

"Afande, huu ni mchezo tu."

"Ndiyo, mchezo. Hakuna mshahara, hakuna vita, watoto wako hawalali njaa. Mtu anayeiba mahali kama hapa, mimi hata sijui nimwite nini."

Gaster aliinamisha kichwa. Halafu akatia sahihi.

Miezi minne baadaye matokeo yalitoka. Orodha ya kituo cha Jinja ilikuwa imefutwa, kwa sababu majina arobaini na moja hayakuonekana kwenye orodha ya mtu mwingine yeyote. Navjot alimpigia Halimah akifoka.

"Wewe umeniripoti!"

"Sikuandika hata mstari. Sikuona kama unastahili wino."

Akakata simu, akaenda kuanika nguo.

Wiki iliyofuata Gaster alikuja Mbale kwa boda boda kutoka stendi, amebeba sukari kilo mbili. Alisema ameona haya, na anaomba afundishwe. Halimah hakumwambia karibu wala ondoka. Alimkalisha mbele ya redio yake ya zamani, akakitoa kipaza sauti na kukipeleka jikoni.

"Sikiliza tu. Masaa mawili. Usiseme kitu."

Gaster alivumilia dakika hamsini, kisha akasema amekumbuka kikao cha shule. Halimah alimsindikiza hadi getini. Yeye alikuwa amemkadiria nusu saa tu.