Asahel Durfee, Kapteni wa Magogo

Siku niliyomwona Asahel Durfee kwa mara ya kwanza, alikuwa amemkalia mtu kifuani akimng'ata sikio.

Ilikuwa msimu wa baridi wa mwaka 1858, katika kambi ya wakata miti juu ya Kettle Bend, huku kwetu Wisconsin. Misonobari ilikuwa bado imesongamana kiasi kwamba jua hulioni mpaka adhuhuri. Durfee alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, ametoka Maine na sehemu kubwa ya safari ameikata kwa miguu. Mimi, Enos Whitcraft, ndiye niliyekuwa nikinoa misumeno pale kambini.

Aliyekaliwa aliitwa Gosselin, mbabe ambaye ilikuwa lazima amwonjeshe kila mgeni viatu vyake vya misumari. Asubuhi ile alipita mezani, akachukua sahani ya Durfee na kuyamwaga maharage sakafuni.

"Lamba, mwana wa Maine. Kwenu si mnakula chini na kuku?"

"Kwetu kuku hawaongei," akajibu Durfee, akamrukia.

Gosselin alimpiga mateke mpaka misumari ikamtoboa shingo, lakini kijana hakubanduka. Alipoinuka alitema kipande cha sikio mezani, na mpishi akamkimbiza kwa upawa akipiga kelele, "Usiniteme nyama ya mtu kwenye meza yangu!" Mjerumani mmoja aitwaye Mathias Kroll, mwenye mabega kama mlango wa ghala, alicheka hadi akakosa nguvu za kusimama. Kisha akamsogezea Durfee sahani yake mwenyewe. Tangu siku hiyo ukimtafuta mmoja, unawapata wote wawili.

Vita vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani vilipoanza, tuliandikishwa sote watatu siku moja. Tulikuwa watu tisini na wanane kutoka Kettle Bend. Kroll alifanywa sajenti upesi. Durfee alipanda kwa namna nyingine: kila aliyekuwa juu yake aliuawa.

Siku aliyoupata ukapteni tulikuwa Virginia, tumelala kifudifudi kwenye shamba la ngano, na adui yuko nyuma ya ua wa mbao mbele yetu. Kombora la mzinga lilimpiga kapteni wetu akiwa bado anaongea. Ilibaki miguu na kiuno. Durfee alijifuta usoni kwa mkono wa koti, akasimama, akatutazama.

"Mnangoja nini? Hapa tutakufa, na pale tutakufa. Mimi nataka kufia pale!"

Tukakimbia naye. Kwenye ule ua wa mbao Durfee alivunja kitako cha bunduki yake usoni mwa mtu, na kitako kilipoisha akaendelea kumponda kwa mtutu. Kroll akamshika kwa nyuma.

"Asa! Amekufa! Amekufa kitambo, twende!"

Hapo ndipo risasi ikaondoka na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, na nyingine ikampasua taya. Kroll alimbeba mgongoni maili mbili, mizinga ikilima ardhi pande zote, nami nikiwa nyuma na bunduki tatu. Nilimsikia Durfee akigugumia kwa mdomo uliojaa damu.

"Nishushe, Mjerumani. Unanuka."

"Nikikushusha nitamtukana nani?"

Tulirudi Kettle Bend thelathini na mmoja.

Baada ya vita Durfee alijenga kiwanda cha kupasulia mbao chini ya maporomoko, chenye mashine ya mvuke na msumeno wa mviringo mrefu kupita mimi. Kroll alikuwa mnyapara wa mtoni, mimi nikashika tupa kwenye chumba cha misumeno. Durfee alimwoa Philura Oakes, mwalimu wa shule, mwanamke mpole ambaye hakumwogopa hata kidogo. Taya la Durfee lilikuwa limeunga upande, hata akitabasamu ungedhani amekasirika.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1872, watu wa Hallam, mwenye kiwanda cha chini ya mto, walikata minyororo iliyoshikilia magogo yetu. Kazi ya miezi mitano msituni ikaenda na maji, na kiwanda cha Hallam kikaidaka. Kila mwenye magogo hugonga alama yake kwenye ncha ya gogo. Wao wakazikata ncha na kuzitia motoni. Durfee alikwenda kuangalia, akachomoa kwenye majivu kipande kimoja chenye alama yetu. Alirudi bila kupandisha sauti.

"Mathias, wangapi wana mipini ya shoka?"

"Wote."

"Bunduki zibaki nyumbani. Nataka wabaki hai wakumbuke."

Tulikwenda watu arobaini. Tulipigania ukingoni, na baadaye juu ya magogo yenyewe yaliyokuwa yakielea. Nilimvunja mtu mmoja mtulinga, na mlio ule bado ninao masikioni. Mnyapara wa Hallam, aliyeitwa Rudd, aliteleza kati ya magogo mawili akazama, na magogo yakafunga juu yake. Kroll akalala kifudifudi akichokora majini kwa fimbo ya ndoana, akimwita kwa jina, mpaka mikono yake ikawa ya buluu kwa baridi. Hakupata kitu. Durfee alikuwa amesimama ukingoni.

"Yavuteni magogo yetu," akasema.

Kroll akainuka akitiririka maji. "Yule alikuwa mtu, Asa."

"Alikuwa mwizi."

"Mwizi si mtu?"

Kesi ya kifo cha Rudd ilipofika mahakamani, kati ya wazee kumi na wawili wa baraza, saba walifanya kazi kwetu au walituuzia nyasi za farasi. Durfee aliachiwa kabla ya chakula cha mchana. Na msimu wa vuli mwaka uleule, mji ukampeleka kwenye bunge la jimbo. Sitaficha jinsi ilivyokuwa: tulisimama mlangoni pa chumba cha kupigia kura na mipini ileile, na waliokuwa na karatasi za mpinzani wake walirudi nyumbani na vichwa vilivyopasuka. Mimi mwenyewe nilipasua viwili. Huko bungeni alipigania matunzo ya wajane wa vita mpaka akayapata, na wengi hapa mjini walimwombea dua kwa hilo. Yule wa mipini na huyu wa wajane walikuwa mtu mmoja, nami nilimfanyia kazi miaka yote.

Kiangazi cha mwaka 1881 tulikuwa tukifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku. Jumanne moja, kazi ikielekea kwisha, Anders Bakkelund, Mnorwe, alisinzia amesimama, akauangukia msumeno. Niliunoa mimi asubuhi ile. Ulimgawa kabla hajapiga ukelele. Tulimwaga ndoo za maji, tukatandaza unga wa mbao, na mkanda wa mashine ukawashwa tena. Kroll alivua glavu, akaenda moja kwa moja ofisini. Mlango ulikuwa wazi, kila mtu alisikia.

"Masaa kumi, Asa. Kumi na mbili yanaua watu."

"Wenye viwanda tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana nani na nani? Mimi nilikuwa wapi?"

"Wewe ni mnyapara."

"Mimi ndiye niliyekubeba!"

Durfee akasema, "Sasa hilo nitalilipa mpaka lini?"

Kroll alimtazama, akavaa kofia yake, akatoka. Kesho yake hapakuwa na moshi kwenye kiwanda hata kimoja cha mto mzima.

Siku ya nane ya mgomo, wenye viwanda wengine walikusanyika sebuleni kwa Durfee na barua ya kumwomba gavana alete askari. Walitaka sahihi ya mbunge. Philura ndiye aliyenisimulia haya miaka mingi baadaye. Alisimama nyuma ya kiti cha mumewe akamwambia mbele ya wageni, "Asahel, watakaokufa unawajua kwa majina." Durfee akaishika kalamu muda mrefu. Akatia sahihi.

Nadhani moyo ulimsuta. Maana Alhamisi, siku ambayo askari walikuwa wafike kwa treni, alishuka asubuhi hadi darajani bila koti, mikono ya shati ameikunja, akasimama mbele ya wagomaji mia tatu.

"Mathias! Toka! Tulimalize mimi na wewe, hawa waende zao kazini!"

Kroll akajitokeza. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na kitambi kidogo. "Mkono mmoja una vidole vitatu. Nitakuonea."

"Nionee basi!"

Walipigana kama wanaume wanaojuana, bila kupoteza pigo. Durfee alimvunja pua kwa ngumi ya kwanza. Kroll akamkumbatia, akamgonga kwenye ukingo wa daraja mara mbili, mpaka nikasikia ubavu ukilia. Durfee akamtia kidole jichoni. Kroll akampiga kichwa kwenye lile taya bovu, na wote wawili wakaanguka. Mjerumani akawa juu. Akamkaba shati kwa mkono mmoja, wa pili ameuinua.

"Masaa kumi! Sema!"

"Nenda zako!"

Ngumi ikashuka. "Sema, Asa, nimechoka! Sisi wazee sasa!"

Durfee akatema jino, na nikaona anacheka. "Kumi, shetani we. Kumi! Niondokee."

Watu wakalipuka kwa furaha. Kofia zikarushwa juu, wengine wakawa wanalia.

Treni ilikuwa imeshasimama nyuma ya ghala. Askari walikuwa makarani na wauza duka wa miji ya ziwani, hawajawahi kulengwa risasi maishani mwao. Walipokunja kona waliona umati unaopiga makelele, na mbunge yuko chini anavuja damu, na mtu amemkalia. Luteni wao hakuuliza. Akaamuru, wakafyatua.

Risasi ya kwanza ilimpata Kroll shingoni. Alimwangukia Durfee kifuani kwa uzito wake wote. Kaka yake Bakkelund alikufa akiwa ameshika kofia. Wawili wengine waliangukia mtoni. Nililala chini nikafunika kichwa, kama Virginia, na kutoka chini ya mwili wa Kroll nikasikia Durfee akipiga ukelele, "Acheni! Tumepatana! Tumepatana!"

Akajichomoa, amelowa damu isiyo yake, akawaendea. Alimnyang'anya luteni upanga, akautupa, akaanza kumpiga ngumi za uso, huku askari wakimvuta nywele na shati. Mmoja akamchoma singe ya bunduki pajani mpaka ikatokea upande wa pili. Akaanguka. Akaendelea kutambaa.

"Nimewaita mimi!" alikuwa akisema. "Nimewaita mimi!"

Ndivyo tulivyojua habari ya barua.

Kwenye mazishi alikuja kwa magongo. Ottilie, mjane wa Kroll, alimwona, akachukua sepetu ya mchimba kaburi, akamtandika nayo usoni. Alianguka. Akainuka, akarudi kusimama palepale. Akamtandika tena, naye akainuka tena. Mara ya tatu mikono yake mama wa watu ilikataa kuinua sepetu, na mchungaji akaichukua taratibu.

"Alikubeba mgongoni," Ottilie akasema. "Alikubeba, wewe ukamwitia bunduki."

"Ndiyo," akasema Durfee.

Kiwanda chetu kilifunguliwa tena kwa kazi ya saa kumi kwa siku, peke yake mto mzima. Durfee alikwenda bungeni akichechemea, akaeleza kwamba sahihi ilikuwa yake, akaomba sheria ya saa kumi kwa jimbo lote. Walimzomea. Mtu akamrushia kidau cha wino kikampasua paji la uso, naye akaendelea kusoma, damu na wino vikidondokea karatasi. Alipata kura tisa pamoja na yake. Uchaguzi uliofuata alitukataza kusimama mlangoni na mipini.

"Utashindwa, Kapteni," nikamwambia.

"Basi nishindwe kwa kura, Enos. Hiyo sijawahi kuijaribu."

Alishindwa vibaya. Mwaka uliofuata uwanja wetu wa mbao ulichomwa moto, na mlinzi mmoja akaungulia ndani. Tulijua ni kazi ya wale wenye viwanda wengine, lakini hakuna aliyefungwa. Tulitaka kwenda kulipiza, nami nilikuwa wa kwanza kushika mpini. Durfee alituzuia getini.

"Atakayepita hapa aanze na mimi," akasema. Hakuna aliyepita.

Alijenga upya nusu tu ya kiwanda, na tangu hapo akafanya kazi kwenye lundo la magogo kwa mikono yake, pamoja na vibarua. Kila majira ya baridi alimpelekea Ottilie kuni na unga. Ottilie aliwapa nguruwe wa jirani unga ule, na kuni akaziacha zioze mvuani. Mwaka wa tano aliingiza kuni ndani. Unga hakuugusa kamwe.

Machi ya mwaka 1893 minyororo ya lundo iliachia, na magogo yakamporomokea Durfee. Tulihangaika karibu saa nzima kumtoa. Kuanzia nyonga kwenda chini hapakuwa na mfupa mzima. Nilimwekea koti langu chini ya kichwa.

"Enos, nani alifunga minyororo hii?"

"Wewe mwenyewe, Kapteni."

Akacheka, na damu ikamtoka puani. "Basi usimfukuze mtu."

Alikufa kabla daktari hajavuka daraja. Katika wasia wake aliomba azikwe karibu na Mathias Kroll. Philura alinituma kwa Ottilie kuuliza. Nilimkuta anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Hapana," akasema. "Alale na Wamethodisti wenzake."

Tukamzika huko, kwenye makaburi yao ng'ambo ya barabara. Ottilie hakuja.