Bandeji ya Sista Kaza

Mimi ni fundi bomba, mke wangu ni muuguzi wa chumba cha kufungia vidonda, na watu hututania kwamba kazi yetu ni moja. Yeye hakubali. "Bomba lako likipasuka unalitupa," huniambia. Mirija ya mwili kanifundisha yote, tena mezani, mdomo umejaa: umio, mrija wa nyongo, ureta, ateri, vena. Binti yetu alijua umio kabla ya kujua a, e, i, o, u.

Kazini wanamwita Sista Kaza. Bandeji yake hailegei, na ole wako uiguse. "Ukiifungua nyumbani usirudi hapa, tafuta mwingine!" Ndivyo anavyowaambia wagonjwa wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Jumamosi moja alirudi mchana akaanza kuanika nguo. Kaanika shati, kaingia ndani. Katoka, kalianua lile lile, bichi. Akikaa anasimama, akisimama anasugua vidole.

"Una nini wewe? Kaa basi, unanizungusha kichwa."

"Nimemfunga Mzee Breki mguu," akasema. "Sikumpima mpigo."

Mzee Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, ana kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kabla ya bandeji ya kukaza, muuguzi huweka vidole viwili juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa, asikie damu ikipiga. Asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu, mzee anapiga soga za milima aliyoshuka bila breki. Mke wangu akaona uvimbe, akajisemea ni vena, akafunga.

"Sasa ndiyo nakumbuka! Aliniambia akilala mguu unamuuma, akiuning'iniza anapata nafuu. Mtu wa vena hasemi hivyo. Yule ni ateri!"

Hapo hata mimi nilielewa. Vena zinarudisha damu moyoni. Zikilegea, bandeji inazisaidia. Ateri ndizo zinazoileta. Zikishaanza kuziba, halafu wewe ukakaza kwa nje, umefunga koki. Mguu unaweza kufa.

Tukampigia mzee simu, inaita tu. Mke wangu akatoka na kandambili zisizofanana, akarukia pikipiki yangu, mabomba bado yamefungwa ubavuni. Njia nzima ananipiga bega.

"Kimbiza!"

"Nikikimbiza tutaanguka."

"Basi tukaanguke huko mbele!"

Tulimkuta peke yake, kakaa kwenye kiti mlangoni, mguu unaning'inia, midomo imemkauka. Simu ilikuwa ndani, hawezi kuifuata. Vidole vya mguu vilikuwa vimepauka, vya baridi kama koki ya asubuhi. Mke wangu akapiga magoti bila hata hodi, akatoa mkasi, akakata.

"Baba, imeanza kuuma saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne! Saa hizi ni saa kumi! Mbona hukuifungua?"

Mzee akainamisha kichwa. "Si ulisema nikiifungua nisirudi?"

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Mguu ulipona, kidole cha mwisho hakikupona, kikakatwa. Mke wangu alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akaeleza kosa lake kabla ya kuulizwa. Nyumbani akawa hali, halali, anazunguka na ufagio pasipo na taka. Nilimwambia yaliyopita si ndwele, akanifokea nikome.

Mzee alipotoka wodini alikataa muuguzi mwingine, akarudi kwa Sista Kaza yule yule. Mke wangu akamfunga taratibu, bandeji nyepesi isiyobana, akamwambia, "Baba, ikikuuma, ifungue. Ifungue tu, uje."

Kesho yake asubuhi mzee kaja na mkongojo, bandeji kaikunja mkononi, kidonda kiko wazi.

"Ee Mungu wangu! Iliuma?"

"Haikuuma hata kidogo," akasema mzee. "Nilitaka kuona kama utanipokea."

Mke wangu alilia mbele ya foleni nzima, kanisimulia mwenyewe. Halafu akavuta kiti, akaweka vidole viwili juu ya mguu wa mzee, akaanza upya.