Gambuti Sebuleni kwa Mzee Salumu

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana kila nikikanyaga Kibiti hakosi mtu wa kuniuliza, "Fundi, leo umevaa nepi?", na mimi sikatai, ni kweli nilijikojolea, mtu mzima na ndevu zangu, mchana kweupe, juu ya mkeka wa kuswalia, sebuleni kwa watu niliokuwa nimewapelekea barua ya posa. Nimesema mwenyewe kabla hamjaniuliza. Sasa nipeni nafasi niseme na yaliyobaki, kwa sababu ninyi mnaosimulia kisa hiki huwa mnaishia pale penye mkojo, na mimi nasema hakikuishia pale.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, ruksa kila kitu, mafriza yaliyotumika yanashushwa kutoka Dubai hata hujui yanakwenda kwa nani, na mimi nimerudi nyumbani Dimani kutoka Dar nilikojifunza ufundi wa majokofu kwa bosi mmoja mkali ambaye hukugusa mashine yake mpaka uwe na gambuti za mpira miguuni, glovu mikononi, miwani ya kukinga macho na ovaroli ya mikono mirefu. Sasa mikono mirefu na glovu katika jua la Kibiti mvua zikichelewa, wenyewe mnalijua, jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka ndani ya gambuti mnasikika chwa, chwa, nikitembea. Vijana wa sokoni wakanipa jina la Mzamiaji. Nikawaambia gesi ile ya majokofu ikikurukia jichoni hutamwona hata mke utakayeoa, wakacheka zaidi, nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu.

Na mke wa kuoa nilikuwa naye moyoni, Rehema, binti wa Mzee Salumu mwenye duka na jenereta. Barua imekwenda, jibu tumeahidiwa Ijumaa. Jumatatu Mzee Salumu akaniita: friza lake la sebuleni, ambalo Rehema alikuwa akiuzia barafu za ukwaju, halipoozi sawasawa, tena "linatekenya kidogo." (Jamani, mtu akikwambia friza linatekenya, ujue bati lake limeshika umeme na siku moja halitatekenya, litaua. Nilijua hivyo. Nilifundishwa hivyo.) Lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba mkwe mtarajiwa ameniita nyumbani kwake, nikafua ovaroli, nikaipiga pasi.

Kufika mlangoni, nani kakaa sebuleni chini ya feni? Bi Tatu, dada yake Mzee Salumu, kaja kutoka Kiongoroni na matenga ya kamba wa kugandisha, na kila mtu anajua katika ukoo ule binti haolewi mpaka Bi Tatu aitikie kwa kichwa. Pembeni yake Mama Rehema. Sakafu imetoka kupigwa deki, bado inang'aa maji, na mbele ya friza pametandikwa mkeka. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo kwa wote. Bi Tatu akaniitikia huku macho yake yako miguuni kwangu.

"Baba, humu ndani tunaswali," akasema.

Ningeweza kujibu. Ningeweza kusema shangazi, gambuti hizi ndizo zinazonitenga na sakafu. Nikazivua. Na zilipochomoka zikaonekana soksi zina matundu, harufu usiseme, nikavua na soksi, nikasimama peku kwenye maji nikitabasamu kama mtu mwenye akili. Bi Tatu akanitazama mikono. "Na hizo glovu, umekuja kutengeneza friza au kuosha maiti?" Nikavua glovu. Miwani nikaivua mwenyewe, hata sikuombwa. Nikasema basi tuzime jenereta, Mama Rehema akasema kwa upole, "Mwanangu, tukizima, feni nayo inazimika na wifi yangu kasafiri tangu alfajiri," nami nikasema hapana shida mama. Hapana shida! Testa iko mfukoni, ya kunionyesha umeme uko wapi, sikuitoa, kisa nisionekane mwoga mbele ya wakwe.

Nikapiga magoti kwenye mkeka, nao umeshalowa kwa chini, nikashika ukingo wa friza nilivute.

Sijui niwaelezeje. Mkono ulijifunga ukakataa kufunguka, meno yakashikana, nikawa nawasikia watu lakini sijibu. Mama Rehema anapiga yowe, Bi Tatu anasema "Lahaula! Kapandisha mashetani huyu!" na anataka kuja kunishika, na angenishika tungekufa wawili. Aliyetuokoa ni Rehema, ambaye kwa adabu ya siku zile hakutakiwa hata kuonekana na mimi. Alitoka uani mbio na mchi mkavu, akapiga kelele, "Msimguse!", akanitwanga mkono mara mbili, nikaachia. Nikaanguka chali, na hapo ndipo penye kisa chenu, nikasikia uvuguvugu unashuka, nikatazama, na wote wakatazama. Nilivua viatu nisiwatilie uchafu pahali pa sala, nikawatilia najisi yenyewe.

Niliondoka peku, baiskeli nikaikokota, gambuti nimezining'iniza kwenye usukani. Nilitamani ardhi ya Kibiti ipasuke. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika sokoni, wale vijana wakasema leo Mzamiaji kapata maji.

Lakini sikilizeni, kesho yake Mzee Salumu alikuja mwenyewe mpaka Dimani. Akakaa na baba yangu, akanywa kahawa, akaniambia, "Mwanangu, ile ni ajali ya kazi, hata mkeka umeshafuliwa. Dada mwenyewe kacheka mpaka kalia. Njoo umalizie friza, kamba wanaharibika." Yaani nilikuwa nimesamehewa. Posa ilikuwa hai.

Jumatano nikaenda na vifaa vyangu vyote mwilini. Pale kizingitini nikaomba maji na sabuni, nikaziosha gambuti juu na chini, mara tatu, Bi Tatu anaona, nikazipangusa kwa kitambaa kikavu.

"Sasa vua uingie," akasema.

"Shangazi, jenereta litazimwa mpaka nimalize kufunga, kisha litawashwa nijaribu. Viatu sivui."

Mzee Salumu akanivuta pembeni, akanong'ona, "Zitoe tu mwanangu, kidogo tu. Ijumaa keshokutwa." Nilimwelewa vizuri sana. Na nawaambia ukweli, mkono wangu ulikwisha kushuka kwenye gambuti. Ila nikaona kitu ambacho siku ile ya kwanza sikukiona: mpini wa friza umezungushiwa kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne. Rehema ndiye aliyekizungusha, ili akifungua asitekenywe. Anafungua mara ngapi kwa siku, peku, kwenye sakafu ile yenye maji? Na watoto wa madrasa wanaokuja kununua barafu na juzuu zao kwapani, nao peku, wanaegemea lile bati.

Nikaingia na gambuti. Nilipita mbele ya Bi Tatu, chwa, chwa, akajifunika uso kwa mtandio kana kwamba nimeingia uchi. Jenereta likazimwa, feni ikasimama, tukatoka jasho wote kwa usawa. Nikakuta waya umechubuka nyuma ya kompresa na unagusa bati, nikaubadilisha, nikavuta waya mwingine wa kupeleka umeme ardhini, ambao tangu friza litoke Dubai hakuna aliyejishughulisha kuufunga, nikaongeza gesi. Tukawasha. Nikapima kwa testa kila upande, haikuwaka, nikakivua kile kipande cha khanga kwenye mpini nikamkabidhi Mama Rehema.

Ijumaa mshenga wetu, ambaye ni baba yangu mdogo, akarudi mapema mno, na kofia kaivua. Wamekataa. Alimwuliza Bi Tatu, ni kwa ajili ya lile la mkeka? Bi Tatu akasema, "Mkojo ilikuwa ajali. Viatu alikusudia."

Rehema aliolewa Ikwiriri mwaka uleule. Niliumia, tena sana, sioni haya kusema, kuliko nilivyoumia na umeme. Tangu hapo nimeingia na gambuti kwa masheikh, kwa wakubwa wa serikali, kwa mjane mmoja aliyenifukuza na ufagio, na anayetaka nivue namwambia atafute fundi mwingine, wako wengi, na baadhi yao wako makaburini. Mnaweza kuendelea kucheka habari ya mkeka, ile ilinitoka bila ridhaa yangu. Hili la viatu Bi Tatu alisema kweli tupu: nilikusudia, nikijua namkosa Rehema, na Bi Tatu angekuwa hai leo aniite tena kwenye mlango uleule, ningekusudia mbele ya macho yake.