Azoti Iliyomnyima Nasiba Mwaka wa Pili

Jua la Kamembe bado halijagusa dirisha la maabara ya chuo, na Nasiba tayari amekunja mikono ya koti lake. Anasuuza mirija ya kioo huku akinong'ona majina ya elementi. Ijumaa ana mtihani wa kemia wa mwaka wa kwanza, uleule uliomwangusha katika chuo hikihiki mwaka 2009.

"Kemia niliipenda mpaka basi," anasema. "Tulikuwa batatu, mimi na Nyiraneza na Mbarushimana wa Nkanka. Jioni tunakaa pale kwenye ngazi, tunaimba ma-formule kwa Kifaransa mpaka mulinzi anatufukuza."

Anazitazama ngazi hizo kwa muda mrefu. Siku zile zilikuwa tamu, hata harufu ya asidi ilimpendeza.

Kisha masomo yakahamishwa ghafla kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Swali lililobeba alama nyingi lilihusu nitrojeni. Nasiba aliijua gesi hiyo nje ndani, ila kwa jina la Kifaransa, azoti. Akaliruka swali hilo.

"Nilizani ni kitu ingine, chenye habajatufundisha. Azoti, hee! Kitu chenye nilijua kuliko jina ya shangazi yangu!"

Baba yake, fundi cherehani, hakuweza kumlipia kurudia mwaka. Chuo kikamwajiri kuosha vyombo vya maabara, na wenzake wa ngazini wakaingia mwaka wa pili wakitumia mirija aliyoiosha yeye. Jambo hilo lilimuuma, tena sana.

Leo, akiwa na miaka thelathini na minane, anasoma masomo ya jioni. Akianguka tena, kanuni za chuo hazimpi nafasi ya tatu.

"Alama za hesabu za sekondari zinaniambia kitu juu ya nani ataanguka, sikatai," anasema mwalimu wake, Ndayisaba. "Lakini anayeanguka mapema ni muntu anayeogopa kuuliza na anayesoma peke yake. Maman Nasiba anauliza mpaka nachoka!"

Wala hasomi peke yake. Vijana wa darasa lake hukaa naye kwenye ngazi zilezile. "Maman, nitrojeni ni nini?" wanamtania. "Azoti!" anajibu, na wote wanaangua kicheko.

Ndoto yake ni kuwa fundi wa maabara hapa hapa. Kwa ruhusa ya mwalimu, ameshabandika kwenye chupa ya kwanza, ya asidi ya nitriki, lebo yenye jina la asidi hiyo kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

"Nikipita, nitabandika zote," anasema, akiifuta kwa pindo la koti. "Na nikianguka, nitabandika vilevile. Sitaki mutoto wa muntu aanguke tena na jibu mukononi."